Aina ya Mau

Kipepeo alitoka kwenye kifuko chake asubuhi, mume wangu akiwa ameenda mtoni kukata majani, na mara tu alipokunjua mabawa nikajua hakuwa yule tuliyemngoja.

Nilikuwa nimesimama jikoni na sufuria ya maziwa mkononi. Kizimba kilikaa juu ya meza karibu na jiko la kuni, kimezungushiwa chandarua cha zamani, na hewa iliyotoka humo ilikuwa ya moto na nzito, kama ya chumba ambamo nguo mbichi zimeanikwa. Kipepeo alining'inia kwenye ganda aliloliacha. Mabawa yake yalikuwa yamejikunyata, unyevu umeyagandisha. Kisha yakaanza kujaa, taratibu, kutoka kwenye shina hadi ukingoni, yakanyooka kama kitambaa kinapopigwa pasi. Nikainama kutazama ncha. Mume wangu alikuwa amenifundisha kwamba habari yote imo kwenye ncha.

Ncha zilikuwa butu.

Niliweka sufuria chini. Kutoka upande wa mjini nilisikia msumeno wa kiwanda cha mbao ukianza kazi ya siku, ule mlio wa kuanza chini na kupanda, ambao mtu wa Elburgon huacha kuusikia mpaka awe na jambo linalomsumbua.

Mume wangu, Kipketer, alifundisha biolojia maisha yake yote. Mimi nilifundisha Kiswahili katika shule hiyo hiyo, madarasa yetu yakitenganishwa na ukuta wa mbao, hivi kwamba wanafunzi wangu walijifunza ngeli huku wakisikia habari za figo. Tulipostaafu, mimi nilirudi shambani kwa njegere zangu. Yeye alijishonea wavu, akaufunga kwenye mpini wa ufagio, akaanza kwenda ukingoni mwa msitu wa Mau kama mtu aliyeitwa huko.

Siku moja alinichukua nikaone. Tulisimama mbele ya gogo lililooza, kando ya kijito.

"Tazama jani lile," akasema.

"Lipi?"

"Lile kavu."

Yalikuwa majani mengi makavu. Alinyoosha kidole, nikakifuata, nikaona jani la kahawia lenye mshipa mmoja katikati na madoadoa ya kuvu. Akaligusa. Jani likafunguka pande mbili, likaonyesha ndani mkanda wa rangi ya chungwa lililoiva, likaruka. Mpaka leo siwezi kusema kwa hakika kwamba nilikuwa nikitazama pale pale alipokuwa akionyesha.

Alituma picha kwa Daktari Odero, mtaalamu wa wadudu huko Nairobi, na Odero akampigia simu siku iyo hiyo. Kipepeo huyo, alieleza, anajulikana. Ana aina yake ya kusini, mbali kabisa mwisho wa bara, na ana aina yake ya kwetu, inayoanzia nyanda zetu za juu na kuteremka hadi Tanzania. Zinatofautiana kwa upana wa ule mkanda na kwa namna ncha ya bawa inavyopinda. Lakini hawa wa Kipketer, wa Mau, walipinda kupita wote aliowahi kuwaona. Ncha zao zilikuwa ndoano.

"Inawezekana ni aina ya tatu," Odero alisema. Kipketer alikuwa ameweka simu kwenye spika ili nami nisikie. "Inawezekana pia ni msimu tu, Mwalimu. Hawa hubadilika. Wakikua kwenye baridi na ukavu hutoka kama majani makavu. Wakikua kwenye joto na mvua hutoka wa kawaida. Kwa hivyo tusikimbilie."

"Nitajuaje?"

"Mkamate mama mmoja. Mayai yake uyagawe. Nusu uwalee kwa joto na unyevu, nusu kwa baridi. Wote wakitoka na ndoano, basi ni damu. Wakitofautiana, ni hali ya hewa."

"Itakuwa ni damu," Kipketer alisema baada ya kukata simu. Hakuniambia mimi. Aliuambia ukuta.

Hivyo ndivyo jikoni kwangu kulivyogeuka kuwa nchi ya joto, na stoo ya nyuma, ile inayopitisha upepo, ikawa nchi ya baridi. Viwavi walikuwa weusi, wenye miiba. Walikula usiku na mchana majani ya jamii ya mnanaa ambayo Kipketer aliyafuata mtoni. Nililowesha vitambaa na kuvitandaza juu ya kizimba. Niliuchochea moto hata siku ambazo sikuwa na la kupika. Sikulalamika, kwa sababu kufikia wakati huo nilikuwa nimeshajua kazi hiyo ilikuwa ya nini.

Alinieleza tukimenya njegere barazani. Tulikuwa na beseni kati yetu.

"Mtu akithibitisha aina mpya," alisema, "yeye ndiye huipa jina."

"Utaipa jina gani?"

Alipasua ganda, akasukuma punje kwa kidole gumba.

"Emmy," akasema.

Niliendelea kumenya. Kama ningeinua uso, angenyamaza. Jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwake kwa miaka, wala kwa kumtaja mtoto wetu wala kwa kumtaja Emmy mwingine yeyote, na kanisani kwetu wako wengi.

Emmy ni binti yetu, na hatuna mwingine. Aliolewa Londiani, ndoa ya wazee kukutana, ya nyimbo na keki. Mwaka wa pili alirudi nyumbani jioni ya mvua, kwa miguu kutoka barabarani, na mkoba mmoja. Taya lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho limekuwa dogo. Nilimkanda kwa maji ya chumvi. Hakulia. Aliuliza tu kama kitanda chake bado kipo.

Kesho yake nilikuwa na zamu ya kusimamia mtihani. Niliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri mno, pembe zimekunjwa, kama cha hospitali. Kipketer alikuwa barazani.

"Yuko wapi?"

"Nimempeleka kwake."

"Kwake ni wapi?"

"Mama, wazee wa pande mbili walikaa chini wakala pamoja. Mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kuwa mtu wa kwanza kuvunja."

Nilisema yote niliyokuwa nayo. Nilisema mpaka sauti ikanikauka, naye alinisikiliza kama alivyowasikiliza wanafunzi waliokuja na jibu refu lisilo na alama, kwa upole, akingoja nimalize. Emmy hakumaliza wiki moja Londiani. Alitoka peke yake, akashukia Naivasha, na rafiki yake Cheruto akamtafutia kazi kwenye shamba la maua. Akapanga chumba Kamere, karibu na ziwa. Mimi alinipigia simu. Baba yake hakumpigia, wala baba yake hakuomba namba.

Siku ile niliacha kumwita Baba Emmy. Nikawa namwita Mwalimu, kama watu wa dukani. Hakuuliza kwa nini.

Kila baada ya muda nilikwenda Kamere. Nyumbani nilisema ni mkutano wa ushirika wa akina mama. Katika safari mojawapo, viwavi wakiwa bado wadogo, nilimweleza Emmy habari za kipepeo. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya chumba chake. Alikuwa ametoka shifti, vidole vyake vimejaa alama ndogo za miiba ya waridi, na alikuwa akizipaka mafuta.

Alicheka. Alicheka kwa muda, kichwa kikiwa nyuma.

"Ati Baba ananipea mdudu?"

"Si mdudu. Ni kipepeo. Jina litabaki vitabuni."

"Mama, na mimi niko hapa. Kamere. Sijaenda vitabuni." Akafunga kopo la mafuta. "Anafananaje?"

"Kama jani kavu."

"Basi," akasema, na hakucheka tena.

Hayo yote nilikuwa nayo asubuhi ile mbele ya kizimba. Kipepeo alikuwa sasa anafungua na kufunga mabawa, polepole, akijizoesha. Alikuwa mzuri, wa kawaida. Angewekwa mezani na wale wa Tanzania, nisingemchagua.

Chandarua kilifungwa kwa pini za nguo. Niliitoa moja. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na nje kulikuwa na jua. Nilifikiri hivi: kuna vifuko vingine humu ndani, lakini ninaweza kuzima moto. Ninaweza kuviacha vipoe. Watakaobaki huenda wakatoka na ndoano, au wasitoke kabisa, na Kipketer atasema wamekufa kwa bahati mbaya, naye atabaki na wale wa stoo. Atapata jina lake. Atalibeba hadi Kamere kama mtu anavyobeba kuku wa kuombea radhi, na huenda Emmy, baada ya kucheka, akafungua mlango.

Niliirudisha pini. Sitajisifu kwamba ni kwa kupenda ukweli. Nilitaka kuona atafanya nini.

Alirudi na gunia la majani begani, viatu vimelowa. Nilimimina chai, vikombe viwili, nikaviweka mezani kando ya kizimba, nikakaa.

Alimwona kabla hajatua gunia. Alivaa miwani. Aliinama, akazunguka meza, akainama tena upande wa pili. Kisha akatoka, nikamsikia akifungua mlango wa stoo. Alipokuwa huko nilihesabu, sijui kwa nini, vipande vya kuni vilivyobaki. Alirudi akiwa na kizimba cha baridi. Ndani yake, pembeni, mmoja alikuwa ametoka pia. Kipketer aliviweka vizimba viwili sambamba. Hapa ncha butu. Hapa ndoano, na mshipa wa jani, na madoadoa ya kuvu. Ndugu wa mama mmoja.

"Ni kitu kimoja," akasema.

Akatoa simu.

"Daktari, habari ya asubuhi. Ni Kipketer. Wa joto ametoka wa kawaida. Ndiyo. Ndiyo, bila shaka yoyote, nimewaweka pamoja." Alisikiliza. "Hapana, hakuna haja ya kurudia. Nilikosea. Nilikuwa nimeshaamua kabla ya kutazama. Nilikosea, Daktari, na nakushukuru kwa uvumilivu wako."

Akakata simu, akavuta kiti, akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Sikujua kwamba nitasema.

"Umesema nini kwa simu?"

"Umesikia. Si aina ya Mau. Ni baridi ya Mau tu."

"Baada ya hapo. Umesema nini?"

Alinitazama juu ya miwani. "Nimesema nilikosea."

"Rudia."

"Chelangat..."

"Rudia, nisikie."

"Nilikosea."

"Hilo neno," nikasema, "lilikuwa wapi?"

Alikiweka kikombe chini.

"Kumbe unalo. Kumbe linatoka. Kwa mtu wa Nairobi ambaye hujawahi kukutana naye, kwa habari ya kipepeo, linatoka kabla chai haijapoa. Mtoto wako alikuja hapa na taya limevimba. Ulimtazama vile vile ulivyomtazama huyu, kwa macho hayo hayo. Neno lilikuwa wapi miaka hii yote, Baba Emmy?"

Alisikia nilivyomwita. Mikono yake ilikuwa mezani, mitupu, na alikuwa akiitazama.

"Nilitaka niende na kitu," akasema. "Mtu hawezi tu kwenda hivi hivi."

"Nilimwambia kuhusu kipepeo. Alicheka."

"Alicheka?"

"Alicheka."

"Nilijua si ushirika," akasema. "Viatu vyako vilikuwa vinarudi na tope jeupe. Huku hatuna tope jeupe." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, kisha akavua tena. "Nilikuwa naviosha. Ukilala, nilikuwa naviosha."

Sikuwa nimejua. Nilikuwa nimedhani ni mimi niliyekuwa nikisahau kwamba nimeviosha.

Vipepeo wote walipotoka, wa jikoni na wa stoo, alivibeba vizimba hadi kwenye kijito na kuvifungua. Nilimwona kwa mbali akivitikisa. Jumapili baada ya ibada hakuvua suti. Alichukua ufunguo wa gari letu, ile Probox, akasimama mlangoni.

"Utanionyesha njia," akasema.

Tuliteremka bonde. Nakuru ilipita, Gilgil ikapita. Kamere, maji ya ziwa yalikuwa yamepanda hadi kwenye miti ya migunga, na nyumba za mbele zilikuwa zimeachwa, milango wazi, maji yakiingia na kutoka. Chumba cha Emmy kiko nyuma zaidi. Alikuwa nje akifua aproni. Alituona tukishuka, na hakusimama. Alimaliza kuikamua, akaianika kwenye kamba, akapangusa mikono kwa sketi.

"Mama," akasema. Kisha, "Baba."

Ndani mlikuwa na kiti kimoja na kitanda. Mimi nilikaa kitandani. Kipketer hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, kichwa chake karibu kuligusa bati, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Yule kipepeo hakuwa kitu," akasema. "Sina nilichokuletea."

"Sawa."

"Nilikurudisha mahali palipokuwa pabaya. Uliniambia, na nilikuona, na nilikurudisha. Nilikosea, Emmy."

Nje mwanamke alikuwa akimwita mtu aje achukue ndoo. Emmy alikuwa ameegemea mlango.

"Unakumbuka kwa gari?" akauliza.

"Nilikurudisha kwa gari."

"Hiyo najua. Nauliza njiani. Tukifika Molo."

Kipketer alifikiri. Nilimwona akitafuta kwa bidii, kwa uaminifu, jinsi alivyofanya kila kitu.

"Sikumbuki."

"Ulisimamisha gari ukanunua mahindi choma. Mawili. Moja ukanipa." Alisema bila hasira, kama anaelekeza mtu dukani. "Ukasema, kula, safari ni ndefu. Singeweza kufungua mdomo, Baba. Taya haikuwa inafunguka. Nikaishika tu. Ilikuwa moto. Nikaishika mpaka Londiani."

Kipketer alikaa. Alikaa kwenye kiti bila kutazama kiti kiko wapi, na kilikuwa karibu tu.

"Wewe ulimaliza yako," Emmy akasema.

Nilikuwa na mengi, lakini hayakuwa yangu kuyasema mahali pale. Kipketer alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba nywele za utosini zimekwisha kabisa.

"Sikuona," akasema.

"Najua hukuona."

"Nisamehe."

Emmy alitazama nje, kwenye aproni iliyokuwa ikidondosha maji.

"Nimesikia," akasema. "Hiyo ndiyo niko nayo ya leo. Nimesikia. Elburgon siji. Si saa hii."

"Sikuja kukuchukua."

"Poa basi."

Alituchemshia chai kwenye jiko la gesi, ya rangi, kwa sababu maziwa yalikuwa yamekwisha. Tulikunywa. Aliuliza habari za njegere, nikamwambia baridi imeziunguza. Kipketer alimuuliza kazi inaanza saa ngapi, akamjibu. Aliuliza kama maji ya ziwa yatafika hapa, Emmy akasema watu wanasema yatafika, na yeye ameshatafuta chumba kingine juu, karibu na barabara. "Kina dirisha," akasema.

Tulipoinuka, alituambia tungoje. Alienda kwa akina mama wanaouza kando ya maji, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Hakunipa mimi. Alimpa baba yake.

"Unakula samaki siku hizi?"

Kwetu hatukukua tukila samaki. Kipketer, kwa ninavyojua, hakuwahi kumweka mdomoni. Alikuwa akisema ananuka tope.

"Nitakula," akasema.

"Mama akupikie na nyanya. Na ule polepole. Huyo ako na mifupa mingi."

Nilimpika kesho yake mchana. Nilikuwa nimeona wengine wakipika, sikuwa nimewahi, na ngozi ilishika kwenye sufuria. Kipketer alinawa, akakaa, akavaa miwani yake. Alikula kwa vidole, akichambua, akiipanga mifupa midogo ukingoni mwa sahani. Alikula kwa muda mrefu na hakusema kama ni tamu au si tamu. Alipomaliza upande mmoja alimgeuza, akaanza wa pili. Mwishowe akaniuliza kama kichwa nacho huliwa.

Nikamwambia huliwa.